Saa Tano za Serahangi Mbwana Mombasa

Vijana wenzangu wa sitaha, mmeniomba mara tatu kwenye kundi letu la simu niwaandikie niliyojifunza melini. Mara ya kwanza niliwajibu kwamba nina shughuli, na haikuwa kweli. Mara ya pili ilikuwa kweli, kwa sababu mke wangu amenikabidhi mbuzi sita na mpaka leo hajataja habari za likizo. Sasa mvua inanyesha hapa Same, jambo lisilotokea kila wiki, mbuzi wamejikunyata zizini, nami nimekaa barazani na daftari. Vyeo sitavitaja. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia ninyi.

Nimezaliwa Suji, huko juu milimani. Kabla sijaingia melini, maji mengi niliyokuwa nimewahi kuyaona ni bwawa la Nyumba ya Mungu, siku mjomba aliponichukua kwenda kununua samaki. Nilisimama ukingoni nikamuuliza bahari inalizidi bwawa lile kwa kiasi gani. Mjomba, ambaye naye hakuwahi kuiona bahari, alifikiri kidogo akasema labda mara mbili.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi ya meli pale Dar es Salaam nikiwa na viatu vya ngozi nilivyovipiga rangi vikang'aa. Ilikuwa meli ndogo ya mizigo iliyozunguka pwani yetu, Tanga, Mombasa, Unguja hadi Ngazija, imebeba saruji leo, mchele kesho. Nililelewa kwamba mtu haanzi kazi kabla ya kusalimia watu, basi nikaanza kusalimia. Nilimsalimia kapteni, nikashuka injini nikawasalimia mafundi mmoja mmoja kwa kupeana mikono, nikaingia jikoni kwa mpishi nikamuuliza habari za watoto. Niliporudi sitahani ilikuwa imepita karibu saa nzima, na mzee mfupi mwenye mabega mapana alikuwa amesimama ananisubiri na brashi ya rangi mkononi.

Huyo ndiye Mzee Mbwana, serahangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha. Alikuwa mtu wa Pangani.

"Wewe ndiye baharia mpya?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umebakiza nani hujamsalimia? Nanga?"

"Hapana, mzee."

"Unatoka wapi?"

"Same. Suji, milimani."

Akaniangalia viatu. "Mpare. Haya, Mpare, vua hivyo viatu kabla bahari haijavicheka. Na hilo jaketi la kuokolea lililoning'inia nyuma yako livae kuanzia leo, usinisubiri nikuambie tena."

Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu, nami sikumwita ila Bwana Serahangi. Mwaka wa kwanza alinifundisha mambo mawili tu, kutu na kamba. Kutu unaigonga kwa nyundo mpaka chuma kionekane cheupe, halafu unapaka rangi siku hiyo hiyo, maana ukiacha hadi kesho chumvi imeshakutangulia. Ninyi siku hizi mna mashine za kusugulia, lakini naona bado mnapaka rangi juu ya kutu mkidhani ofisa hatajua. Atajua. Rangi hubanduka baada ya miezi miwili, na jina lako liko kwenye orodha ya zamu.

Kuhusu kamba alikuwa hana masihara. Kamba ya kufungia meli inapokazwa sana huanza kulia, mlio mwembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Ukisikia mlio huo, usigeuke kutazama unatoka wapi, ondoka. Mimi niligeuka kutazama. Ilikuwa Moroni, kule Ngazija, mawimbi yanaisukuma meli ubavuni, na Mzee Mbwana alinivuta kwa ukosi wa shati nikaanguka chali. Kamba ilikatika ikapita pale kilipokuwa kichwa changu, ikabonyeza ukuta wa chuma. Nilipoinuka alinipa chai, akasubiri niimalize, ndipo akanigombeza kwa muda wa kutosha. Nilimpenda mzee yule kuanzia siku ile, nasema wazi. Baba yangu alinileta duniani, lakini Mbwana ndiye aliyenibakiza.

Sasa niwaambie jambo nililochelewa kuligundua. Kila tulipofunga gatini, vijana tulipewa vibali tukashuka mjini. Lakini sitaha haiachwi peke yake. Maji yakijaa, meli inapanda na kamba zinakaza; yakipwa, inashuka na kamba zinalegea. Lazima awepo mtu wa kuzifungua na kuzikaza. Mtu huyo alikuwa Mzee Mbwana, bandari zote, miaka yote.

"Nendeni," alizoea kusema, "mimi nina kamba zangu."

Tukaenda. Tulirudi na picha na vicheko, tukamwonyesha, naye alitazama kila picha kwa makini na kuuliza maswali. Tukadhani hapendi miji. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Mwezi mmoja kabla ya yeye kustaafu, tukiwa njiani kwenda Mombasa na shehena ya mchele, aliniita stoo ya kamba akafunga mlango.

"Mpare, unaweza kutunza siri?"

"Inategemea siri yenyewe, Bwana Serahangi."

"Haitegemei. Kaa chini."

Nikakaa juu ya rundo la kamba. Akaniambia ana mjukuu anaitwa Mwanahamisi, yuko kidato cha tatu Pangani, na ndiye anayempenda kuliko watu wote walio hai. Tangu alipokuwa mdogo, kila Mzee Mbwana aliporudi likizo mtoto alidai hadithi za Mombasa, hasa za ile ngome kongwe ya Wareno. Babu angesemaje? Amefika Mombasa mara zisizo na hesabu lakini hajawahi kuvuka geti la bandari. Na ngome yenyewe iko upande wa pili wa kisiwa, huwezi hata kuiona kutoka gatini. Basi akabuni. Alimwambia ndani kuna ngazi ya mawe inayoshuka hadi chini ya bahari. Alimwambia kuna mzinga mkubwa hivi kwamba siku moja mvua ilimkuta pale, akaingia ndani ya mtutu akalala mpaka ikakatika.

"Ukalala ndani ya mzinga?"

"Na nikaota," alisema kwa huzuni.

Mwanahamisi alikuwa ameyaandika hayo yote shuleni kwenye insha iliyosomwa mbele ya darasa zima. Na sasa darasa lao la historia lilikuwa linajiandaa kwa safari ya kwenda Mombasa likizo inayofuata, na ngome ndiyo ya kwanza kwenye orodha.

"Atasimama pale na wenzake," alisema, "atafute mzinga wa babu yake. Mpare, nataka kuingia mle ndani mara moja tu. Nione kuna nini. Nikishaona, nitajua la kurekebisha. Sitaki mtoto yule anione mwongo."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwahidi kwamba safari hii ataingia ngomeni, hata kama mimi ndiye nitakayembeba.

Mvua ilitusaidia. Mchele haupakuliwi mvuani, kwa hiyo tulipofika Mombasa mifuniko ya ngama, yaani chumba cha shehena, ilifungwa na kazi ikasimama. Nilimwendea ofisa mkuu nikamweleza, bila kutoa siri, kwamba serahangi hajashuka nchi kavu tangu meli iwe mpya. Ofisa aliona aibu kwa niaba yetu sote. Akamweka baharia mwingine kwenye kamba na kutupa vibali viwili, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Meli ingeondoka saa moja, mchele uliobaki upelekwe Tanga.

Mzee Mbwana alishuka ngazi amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya kiua na viatu vyenye soksi. Mvua ilikuwa imekatika. Nje ya geti tulimpata mtu na bajaji yake, tuktuk kama wanavyoiita wenyewe, iliyopakwa rangi ya njano na yenye vipande vya zulia sakafuni. Dereva alikuwa mtu mzima mchangamfu anayeitwa Salimu.

"Mwataka kwenda wapi, wazee wangu?"

"Kutembea," nilisema. "Mzee huyu aone mji. Mwisho utupeleke ngomeni."

"Mwanzo," alisahihisha Salimu. "Ngome yafungwa saa kumi na mbili, na watu waacha kuingizwa mapema."

Hapo tungemsikiliza Salimu ningekuwa na habari fupi zaidi ya kuwaandikia. Lakini Mzee Mbwana alikataa. Alikuwa kama mtoto anayebakiza nyama aile mwisho. Alisema kwanza azoee mji, ndipo aione ngome akiwa ametulia.

Basi tukatembea. Alikaa katikati ya kiti, mikono miwili imeshika vyuma vya pembeni, na kila kona alijilaza upande wa pili kusawazisha chombo. Pale kwenye zile pembe kubwa za ndovu zilizopitana juu ya barabara, alimwamuru Salimu asimame, akashuka, akaikwaruza moja kwa ukucha.

"Aluminiamu," alinitangazia. "Haishiki kutu. Aliyezijenga alikuwa na akili."

Sokoni alishuka tena kukagua kamba za katani akasema zimesukwa vibaya. Kisha tukaenda ufukweni penye mnara wa taa, tukanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukaketi ukutani kuelekea mlango wa bandari. Meli moja ya mizigo ilikuwa inaingia taratibu, karibu sana, mabaharia wake wamesimama omoni, mbele kabisa, tayari kwa kamba. Mzee Mbwana aliacha kutafuna.

"Kumbe ndivyo tunavyoonekana," alisema.

Aliifuata kwa macho mpaka ilipopotea kwenye kona. Nilitaka kumharakisha nikashindwa. Tulipopanda tena tuktuk ilikuwa imeshapita saa tisa, na Salimu akakata kuingia Mji wa Kale kwa vichochoro anavyovijua yeye, ili tutokee ngomeni kwa upesi.

Kichochoro cha tatu kilikuwa kimezibwa. Watu kama ishirini walikuwa wanazibua mtaro. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeujaza takataka, maji yakakosa pa kwenda yakaingia nyumbani mwao. Vyombo na magodoro vilikuwa vimeanikwa mabarazani. Wanaume wanafukua kwa majembe na sepetu, wanawake wamefunga leso kiunoni wanapokezana ndoo za tope, na tope lenyewe limerundikwa katikati ya njia.

"Hatupiti hapa," Salimu alisema. "Narudi nyuma, tutazungukia kule juu."

Mtu yeyote angesema haya, rudi nyuma. Mimi nilisema, "Simama."

Lazima niwaeleze wale msiotoka kwetu. Upareni kuna msaragambo. Mfereji ukiziba, njia ikibomoka, au ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, likijaa matope, pembe hupigwa na watu wote hutoka na majembe. Na ukiwa unapita tu, hata kama ni mgeni, hata kama umevaa suti unakwenda harusini, huwapiti watu wa msaragambo kama vile huwaoni. Unashuka, unaomba jembe, unapiga majembe mawili matatu. Mzee anayesimamia huona umetimiza adabu, husema, "Haya, pita, asante," nawe unakwenda zako. Ni jambo la dakika mbili. Baba yangu aliwahi kupita bila kushika jembe kwa sababu alikuwa anawahi basi, na bibi yangu hakumpa chakula siku mbili, mtu mzima mwenye watoto wanne.

"Dakika mbili, Bwana Serahangi," nilisema. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikashuka.

Niliwasalimia, nikamwomba kijana mmoja jembe. Alinipa huku ananishangaa. Nikapiga majembe matatu. Nikasita, nikatazama huku na huku nitafute msimamizi. Nikaona mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, Bi Rukia, ndiye anayetoa amri. Nikapiga majembe mengine matatu karibu yake ili anione.

"Mashallah," alisema Bi Rukia, akaendelea na kazi yake.

Hakusema pita. Nikadhani labda sijatosheleza, kwa kuwa huu ni mji mkubwa. Nikachimba zaidi. Kila nilipoinua kichwa nilikutana na macho yake, naye alitikisa kichwa kwa furaha na kunionyesha mahali pengine penye tope. Robo saa ikapita. Kutoka kwenye tuktuk nilisikia, "Mpare!" Nikajibu, "Sasa hivi!" Jasho lilinitoka, nusu kwa kazi na nusu kwa wasiwasi. Ninyi mnaweza kucheka, lakini kuliweka jembe chini na kuondoka bila kuruhusiwa sikuweza. Mkono ulikataa.

Nilipotimiza nusu saa tulifika kwenye kiini cha tatizo. Bamba kubwa la jiwe, mfuniko wa zamani wa mtaro, lilikuwa limekatika na kuangukia ndani likajibana kwa ubavu. Nyuma yake maji yalikuwa yamejaa tele. Wanaume wakalifunga kamba, wakajipanga wanane, wakaanza kuvuta, kila mmoja upande anaoupenda. Kamba ikaanza kulia.

"Acheni!"

Sauti ile mimi naijua. Wanane wote waliachia kamba kwa mpigo. Mzee Mbwana alikuwa amesimama nje ya tuktuk, uso umeiva kwa hasira.

"Nani amefunga fundo hili? Mnataka kuuana? Wewe na wewe, tokeni kwenye mstari wa kamba. Mpare, umesimama hapo unafanya nini, Moroni hukujifunza?"

Akavua viatu, akaziweka soksi ndani yake, akaipandisha kanzu na kuifunga kiunoni kwa leso aliyoazimwa na Bi Rukia. Akaingia mtaroni mpaka magotini. Akalipapasa lile bamba pande zote kama daktari. Kisha akaagiza mti mnene wa kuinulia, gurudumu bovu la kuwekwa ukingoni kamba isikatwe na jiwe, na tuktuk.

"Tuktuk yangu?" alisema Salimu.

"Ndiyo winchi yetu."

"Wallahi mzee, itang'oka mkia!"

"Haing'oki. Nafunga kwenye chasisi, si kwenye bamba lako la bati. Kazi yako ni gia ya kwanza na kutazama mkono wangu. Usitazame kitu kingine chochote."

Aliwapanga watu wote nje ya njia ya kamba, akanipa mimi mti wa kuinulia, akasimama juu ya ukingo na kuinua mkono. Ni ishara zile zile mnazozitumia ninyi kwa winchi. Salimu alivuta, jiwe likatikisika, Mzee akafunga ngumi, Salimu akasimama. Tukalitegemeza. Mkono tena. Mara ya nne bamba lilitoka kwa kishindo, na maji yakapita kwa nguvu yakachukua ndoo mbili na kandambili moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Rukia alimshika Mzee Mbwana mikono yote miwili na tope lake.

"Watoka wapi wewe, mzee wetu?"

"Melini," alisema. "Mimi ni serahangi."

"Serahangi!" kikaitikia kichochoro kizima.

Hawakutuacha twende hivi hivi. Tulinawishwa, tukaketishwa barazani, yakaja mahamri na mbaazi na chai ya tangawizi. Walimuuliza Mzee Mbwana habari za Pangani, akapatikana mtu mwenye shangazi kule, ikabidi ukoo wote utajwe. Mzee alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia melini. Kisha Salimu akaitazama saa yake.

"Wazee. Saa kumi na mbili kasorobo."

Tulifika ngomeni tunahema. Ukuta wake ni mrefu kuliko picha zetu zote, na lango lilikuwa limefungwa. Bawabu alituangalia, wanaume wawili wenye nguo zilizotapakaa tope, mmoja wao ana leso ya kike kiunoni.

"Tushafunga, mzee. Njooni kesho."

"Kesho sipo," alisema Mzee Mbwana.

Hakubembeleza. Alisimama pale akautazama ukuta kutoka chini hadi juu, akarudi akakaa katikati ya kiti. Njia nzima ya bandarini hakushika vyuma. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimeahidi jambo moja, na nimelivunja kwa ajili ya jembe ambalo hakuna aliyenilazimisha kulishika.

Melini alibadilisha nguo, tukafungua kamba na kutoka. Tulipomaliza nilimfuata omoni.

"Bwana Serahangi, nisamehe. Nilikuwa nasubiri yule mama aniambie pita."

"Akuambie nini?"

Nikamweleza msaragambo wote, na bibi yangu, na baba yangu na basi lake. Kisha mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akashikilia nguzo ya kufungia kamba, machozi yanamtoka.

"Kwa hiyo kama Bi Rukia asingenipa chai, mpaka leo ungekuwa unachimba?"

"Nadhani ndiyo, Bwana Serahangi."

Akacheka tena, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

"Na Mwanahamisi nitamwambia nini?" aliuliza.

Baada ya mwezi mmoja alishuka Dar es Salaam na sanduku lake, tukamsindikiza hadi getini, kila mmoja akijifanya ana mafua. Kamba zake na cheo chake nilipewa mimi. Na mimi nikawa naona aibu kuwapeleka vijana mjini bila kuuliza nani amebaki, ndiyo maana wale mliofanya kazi nami mnakumbuka orodha yangu ya zamu ya kubaki, ambayo na serahangi mwenyewe alikuwemo, na kutoka pia alitoka. Kama mmeiacha orodha hiyo, irudisheni.

Likizo za shule zilinikuta nimekuja nyumbani. Nilikuwa stendi ya Same, nimekalia mabati yangu nasubiri gari la kupanda Suji, simu ikatoa mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha kutoka kwa Mzee Mbwana, na kabla sijaifungua akapiga mwenyewe.

"Shikamoo, Bwana Serahangi."

"Marahaba. Umeiona?"

"Bado naifungua."

"Basi sikiliza kwanza."

Akaniambia kwamba siku moja kabla ya safari alimwita Mwanahamisi akamwambia ukweli wote. Hakuna ngazi anayoijua, hakuna mzinga aliolala, hajawahi kutia mguu ngomeni. Kitu pekee alichokifanya Mombasa kwa maisha yake yote ni kuzibua mtaro. Mtoto alimtazama tu. Asubuhi yake akaondoka bila kumuaga.

"Siku tatu hizo, Mpare, sikula chakula kikashuka."

Kumbe Mwanahamisi aliingia ngomeni na wenzake, akaona ya kuona, halafu akamwomba mwalimu wapite Mji wa Kale. Aliuliza kichochoro hadi kichochoro, kuna mtaro ulizibuliwa na mzee mmoja baharia? Walimcheka sehemu mbili. Sehemu ya tatu mama mmoja mnene aliweka chini karai lake. "Wewe ni wa Serahangi?" Darasa zima lilinyweshwa chai, mwalimu naye, na kila aliyepita njiani aliitwa aje amwone mjukuu wa Serahangi.

Nikaifungua picha. Binti mrefu wa sare ya shule amesimama kando ya mtaro, mkono mmoja kwa Bi Rukia, anacheka meno yote nje. Chini yake alikuwa ameandika: *Babu, hii ni kweli.*

Pale stendi utingo mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

"Mpare, upo?"

"Nipo."

"Macho yangu siku hizi hayanisaidii. Hebu ivute hiyo picha, angalia hapo chini penye mguu wake wa kushoto. Maji yanapita?"

Nikaivuta, nikaangalia vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu mzee yule hapokei jibu la kubahatisha.

"Yanapita, Bwana Serahangi."